Jina la Ishirini

Karatasi tuliipata kwenye boksi la minofu,
upande wa ndani, ule usio na nembo.
Kwilasa aliikata kwa kisu kilekile
kilichopasua sangara tangu alfajiri,
akaikunja mara nne, akaitumbukiza ndani ya buti.
Ndiyo maana majina yetu yananuka.

Sheria inataka watu ishirini.
Nilisoma mwenyewe, chooni, kwa mwanga wa simu,
kijitabu alichoniachia mpwa wangu wa Nyegezi
kikiwa kimeshapoteza jalada.
Kifungu cha tisa: kila mfanyakazi ana haki
ya kuunda chama, ya kujiunga nacho.
Nikarudia hilo neno, kila.
Nikalihesabu herufi. Nne tu,
na bado tumeenea humo wote,
wa kibarua na wa mwezi,
wa chumba cha barafu na wa kuzoa mapanki.

Tulipofika majina kumi na moja
afisa utumishi akatuita. Akatununulia soda.
Sijui nani alimpelekea.
"Hapa hatuna chama," akasema, "hapa sisi ni familia."
Nyanjige, ambaye kunong'ona hakujui, akauliza:
"Familia gani inapekua watoto wake getini
lisije likatoka bondo?"
Hakuna aliyecheka. Chupa zilirudi kwenye kreti.
Kesho yake jina lake halikuwa ubaoni.

Nikafungua kijitabu tena.
Kumbe na hilo limeandikwa:
chama si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi,
na aliyeachishwa ana siku thelathini
kulifikisha shauri lake kwenye Tume.
Nyanjige hakungoja thelathini. Alikwenda siku ya pili,
amevaa gauni la kanisani,
akarudi na nakala yenye muhuri
na tarehe ya usuluhishi.
Kazi hakurudi nayo. Nalisema hili
nisije nikamdanganya mtu.
Sheria ni kama haya majabali ya Igogo:
lipo, halisogei, halikubebi.
Ukitaka kuona ziwa, panda.

Tulipanda Jumapili, nyuma ya chumba chake,
juu ya jiwe anapoanikia nguo.
Kumi na tisa. Tukahesabu tena, kumi na tisa.
Mtoto wa jirani akataka kuandikwa,
tukamfukuza kwa andazi.

Saa kumi akatokea Minza wa meza ya nne,
anahema, kandambili mkononi.
Miezi miwili alikuwa akitukwepa:
ana mkopo wa kikoba, ana mama anayeumwa Magu,
na hajui kusoma.
Hakusalimia. Akasema, "Nipeni wino."

Akabonyeza dole gumba.
Likatoka doa, jeusi, laini kama jicho la samaki.
Halina mstari hata mmoja.
Akabonyeza cha pili, cha tatu,
akamaliza mkono, akahamia wa kushoto.
Madoa kumi.
Miaka kumi na saba ya maji ya klorini na barafu
ilikuwa imeshamfuta
na hakuna aliyemwambia.

Kwilasa akakuna kichwa.
"Msajili atauliza, huyu ni nani?"

Minza aliangalia vidole vyake kwa muda.
Halafu akaniambia, mimi, kwa ukali,
kana kwamba ni mimi niliyevila:
"Nifundishe hiyo ya kwanza. Ya jina langu."

M ina miguu na bonde katikati.
Nilimchorea juu ya jiwe kwa kipande cha mkaa.
Akaifuta kwa kiganja, akachora yake, ikalala chali.
Akachora nyingine. Nguo zilikauka, zikaanuliwa,
taa zikaanza kuwaka upande wa Kirumba,
naye bado amepiga magoti.

Alipoishika karatasi hatimaye
aliikandamiza kalamu kama anayetoa mfupa
na mguu wa mwisho wa M ukatoboa boksi.

Hatukuandika upya.
Msajili akitaka,
na ahesabu hilo tundu.